Namba Saba ni Uongo

Nikwambie ukweli, katika mtaa mzima wa Kimumu hapakuwa na mwalimu aliyesahihisha mitihani kwa kasi kama Selpha Namalwa. Wenzake walibeba mafurushi ya karatasi nyumbani kila wikendi, wakalalamikia migongo, wakalalamikia macho, wakalalamikia serikali. Selpha hakubeba kitu. Kila Ijumaa, kengele ya mapumziko ikilia, alijimiminia kikombe cha chai ya maziwa katika chumba cha walimu, akavuta karatasi sitini na mbili za gredi ya nane, na alipomaliza ya mwisho chai ilikuwa bado inachoma ulimi. Mwalimu Muchiri wa hisabati aliwahi kumpimia kwa saa ya simu. Dakika kumi na moja.

"Huyu mama ni mashine," Muchiri akawaambia wenzake. "Siku moja tutakuta ana waya."

"Wewe endelea kuhesabu makosa ya watu moja moja," Selpha akamjibu bila kuinua kichwa. "Nywele zenyewe zimeshakuaga, bado unahesabu tu."

Siri ya mashine hiyo ilikuwa kadi. Aliikata mwaka wa elfu mbili na tisa kutoka kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, akaitoboa matundu ishirini kwa msumari wa moto. Mitihani yake ya kilimo ilikuwa ya sampuli moja: kauli ishirini, na kila kauli mtoto achague kama ni kweli au uongo. Karatasi ya majibu ilikuwa na visanduku viwili kwa kila namba, cha Kweli kushoto na cha Uongo kulia. Selpha aliilaza kadi juu ya karatasi. Tundu lililoonyesha alama ya kalamu, mtoto amepata. Tundu lililobaki jeupe, amekosa. Akahesabu meupe, akatoa kwenye ishirini, akaandika, akasukuma kando. Nyingine.

Lakini tundu ukishalitoboa halihami. Mtu mwingine angetengeneza kadi mpya kwa kila mtihani. Selpha alifanya kinyume, akatunga maswali yafuate kadi. Tundu la kwanza lilitaka kweli, basi kauli ya kwanza ikawa ya kweli. La tatu lilitaka uongo, basi akamgeuza mbuzi kuwa ng'ombe, au akachomeka "si" mahali, kauli ikawa ya uongo. Kila wiki maswali mapya, majibu yale yale, miaka kumi na sita. Na usikimbilie kumwita mvivu, tafadhali. Alikuwa na madarasa manne yenye watoto sitini sitini, ng'ombe wawili wa kukamuliwa alfajiri, na kwaya ya kanisa isiyojua kuanza wimbo bila yeye. Mtu kama huyo akipata njia ya mkato, nani amlaumu?

Watoto hawakumlaumu. Watoto walimshukuru. Haikuwachukua hata muhula mmoja kugundua, na walipogundua wakatunga wimbo. Kweli kweli uongo, kweli uongo uongo, kweli uongo kweli kweli, hivyo hivyo mpaka ishirini. Wasichana waliurukia kamba uwanjani. Gredi ya nane waliwafundisha gredi ya saba kila Novemba, ukashuka kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo kama sweta ya shule. Selpha mwenyewe aliusikia mara ngapi! Alipita na vitabu kwapani, akawapigia makofi mawili matatu, akasema angalau watoto wa siku hizi bado wanajua kucheza. Hakuna aliyemwambia kitu. Nani angemwambia?

Kwa hiyo darasa lake lilipata ishirini. Kumi na tisa ilikuwa ya mtoto aliyeshikwa na chafya katikati ya wimbo. Selpha alitembea Kimumu akiwa ameinua kidevu, na alikuwa na haki, maana karatasi zilikuwepo na alama zilikuwepo. "Wangu hawabahatishi," alikuwa akisema. "Wangu wanajua."

Halafu muhula wa pili akaja Janice Wahu kutoka Moi's Bridge.

Alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kusoma kitu mara mbili kabla ya kushika kalamu. Mama yake alikuwa amefungua duka dogo la agroveti karibu na kinu cha unga: mbegu, mbolea, dawa za mifugo. Wiki ile ile ya kwanza, Purity, kiranja wa darasa, alimvuta pembeni akamwimbia wimbo wote mpaka mwisho kwa moyo safi kabisa. Wahu alisikiliza, akasema asante, na Ijumaa ilipofika akasoma maswali na kuyajibu alivyoyaona. Akapata kumi na tano. Ijumaa iliyofuata kumi na nne. Ukifikiria, hizo si alama mbaya, lakini katika darasa la watu wa ishirini ni alama za mtu wa mwisho.

Mtihani wa mavuno ulipokuja alipata kumi na tatu, na siku hiyo akainua mkono.

"Mwalimu, namba saba umeniwekea kosa."

"Basi ni kosa."

"Lakini namba saba ni uongo, Mwalimu."

Namba saba, mojawapo ya kauli chache alizozirudia kila mwaka tangu kadi ikiwa mpya, ilisema hivi: mahindi yakikaukia shambani mpaka maganda yakawa meupe, yako tayari kupukuchuliwa na kuwekwa ghalani. Kadi ilitaka kweli.

"Wahu," Selpha akasema, akiinua kadi juu darasa zima lione, "kadi haidanganyi. Kaa chini."

Darasa likacheka. Wahu akakaa chini.

Ingeishia hapo, ingekuwa nafuu. Lakini pale shuleni kuna desturi ya kusoma majina na alama kwa sauti kwenye mkutano wa wazazi, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na mzazi wa anayesomwa husimama. Julai, wazazi wakiwa wamejaa ukumbini, Selpha alisoma majina sitini na moja kwa furaha. Kisha akasoma la sitini na mbili: "Janice Wahu, kumi na tatu." Mama Wahu akasimama kwenye benchi la nyuma, bado ana aproni ya duka. Na Selpha, ambaye mdomo wake ukishaanza hauna breki, akaongeza: "Mama, msaidie mtoto nyumbani jameni. Unauza mbegu na binti yako hazijui?"

Watu walicheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Mama Wahu akakaa polepole, akaanza kuikunja aproni yake magotini.

Septemba ikaja barua ya mashindano ya kilimo ya shule za kaunti. Kila shule ilete mwanafunzi mmoja. Maswali ya kweli au uongo, mbele ya watu, uwanja wa maonyesho, Jumanne ya mwisho wa mwezi. Selpha alipoisoma alicheka peke yake. Mashindano yametengenezwa kwa ajili yake! Akamteua Purity, aliyepata ishirini mara kumi na nane mfululizo, na kabla ya wiki kwisha Kimumu nzima ilikuwa na habari. Aliwaambia wauza mboga. Aliwaambia wanakwaya. Muchiri alipomuuliza kama ana uhakika, alimwonyesha mahali juu ya kabati.

"Hapo ndipo kombe litakaa. Toa vitabu vyako vya hisabati mapema."

Ijumaa kabla ya mashindano, stima ilipotea.

Selpha alikuwa ameshagawa karatasi za majibu, zile tupu zenye visanduku. Maswali yenyewe yalikuwa bado ofisini kwenye fotokopi, nusu ndani nusu nje. Akawaambia watoto waandike majina yao na watulie, akaenda kungoja. Alingoja kama dakika ishirini, akipiga soga na karani. Stima ikarudi, mashine ikakohoa, akabeba nakala sitini na mbili za maswali zikiwa bado na joto, akarudi darasani.

Darasa lilikuwa kimya, mikono imekunjwa juu ya madawati. Karatasi za majibu zilikuwa zimekusanywa na kupangwa vizuri juu ya meza yake.

Purity akasimama, akanyoosha sketi. "Tumemaliza, Mwalimu."

Selpha alisimama mlangoni na maswali mikononi. Alimwangalia Purity. Aliangalia furushi. Akaangalia tena maswali aliyoyashika, kama mtu anayehakikisha kwamba mtoto aliyembeba ni wake.

"Mmemaliza nini?"

Ni hapo Purity alipoelewa. Aliketi bila kuambiwa. Nyuma ya darasa mtu alisema, "Aki sisi ni wajinga," kwa sauti ndogo sana, na kila mtu akasikia.

Selpha hakupiga kelele, na hilo liliwaogopesha zaidi. Alikwenda mezani, akatoa kadi kwenye mkoba, akailaza juu ya karatasi ya kwanza. Ishirini. Ya pili, ishirini. Ya tatu. Mikono yake ilienda kwa kasi ile ile ya kila Ijumaa, na kwa mara ya kwanza aliisikia kasi yenyewe ilivyo, akaona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alifika karatasi ya mwisho. Ilikuwa na jina tu.

"Wahu. Mbona hujajibu?"

"Nilikuwa nasubiri maswali, Mwalimu."

Sasa, Selpha Namalwa si mtu wa kulala na jambo. Jumamosi asubuhi, akishakamua, alitoa katoni anamoweka mitihani ya zamani, akaketi kibarazani, akatafuta karatasi zote za Wahu. Kadi aliiacha ndani ya mkoba. Alisoma swali, akajiuliza mwenyewe jibu, ndipo akaangalia mtoto amesema nini. Kazi ya ajabu hiyo! Hakuwa ameifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Na alivyoendelea ndivyo alivyozidi kukunja uso, kwa sababu alianza kuona mahali alipokuwa ameyapinda maswali kwa haraka ili yaingie kwenye tundu, na yakapindika vibaya. Kauli aliyoitaka iwe ya uongo ilikuwa na ukweli wake. Nyingine aliyoitaka kweli ilikuwa uongo mtupu. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyelalamika, maana hakuna mtoto aliyesoma.

Mmoja alisoma. Ile kumi na tano ilikuwa kumi na tisa. Kumi na nne ilikuwa ishirini. Alipofika mtihani wa mavuno alisoma namba saba mara tatu, akainua macho, na pale ng'ambo ya barabara jirani yake alikuwa ameanika mahindi juu ya turubai, anayageuza kwa reki, mahindi yaliyovunwa maganda yakiwa meupe kabisa. Kila nyumba ya Uasin Gishu inaanika hivyo. Yeye mwenyewe anaanika hivyo! Mtoto wa miaka mitano angekwambia mahindi yakitoka shamba huyapeleki ghala moja kwa moja.

"Mungu wangu," Selpha akasema. "Nilimkalisha chini kwa hili?"

Alasiri alikwenda agroveti. Alikuta wateja wawili, akangoja waondoke, na hilo Mama Wahu aliliona.

"Karibu, Mwalimu. Unatafuta mbegu?"

"Nimekuja kuhusu Wahu." Akaziweka karatasi juu ya meza ya duka. "Mama Wahu, mtoto wako ndiye pekee anayejua kilimo katika darasa langu. Mimi ndiye nilikuwa nasahihisha vibaya. Nataka aende mashindano Jumanne."

Mama Wahu hakuzigusa karatasi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini. "Unajua kwa nini hakukubali hiyo namba saba?"

"Hapana."

"Moi's Bridge tulikuwa na shamba la kukodi. Mwaka juzi baba yake alikuwa na haraka, mvua zilikuwa zinanyemelea. Mahindi yalikuwa meupe, akasema yamekauka, tukayatia ghala. Januari tulipofungua yalikuwa na kuvu mpaka chini. Yote, Mwalimu. Ndiyo tukahama. Na Wahu ndiye alisaidia kuyatoa na kuyachoma." Akapangusa vumbi la mbolea mezani. "Halafu unamwambia aseme ni kweli."

Selpha aliichukua karatasi ya mavuno, akaikunja namba saba isionekane.

"Ataenda," Mama Wahu akaendelea. "Anataka kwenda, sitamzuia. Lakini ulimsoma mbele ya watu. Ukamcheka mbele ya watu, ukanicheka na mimi. Usije ukanitengenezea mambo hapa dukani wateja wakishatoka. Mahali ulipomwangushia, hapo hapo umwinue."

"Nitafanya hivyo. Mashindano yakiisha, nitaita mkutano."

"Yakiisha," Mama Wahu akasema, akaanza kupanga pakiti za mbegu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Njiani kurudi nyumbani Selpha alijua vizuri kwa nini alisema yakiisha. Kombe kwanza, halafu makosa. Mtu mwenye kombe mkononi akisema nilikosea, watu humwita mnyenyekevu. Asiye na kombe humwita alivyo. Alijua, na ilimuuma, na hata hivyo hakugeuka.

Jumatatu alimwita Purity kumwambia amebadilisha jina. Alitegemea machozi. Purity alishusha pumzi mpaka mabega yakashuka nayo.

"Haki, afadhali, Mwalimu. Mimi ningeimba tu pale mbele."

Jumanne uwanja wa maonyesho ulijaa. Wakulima walikuja na buti zao, walimu na miavuli yao, na nusu ya kwaya ya Selpha ilikuja kuona kombe walilotangaziwa. Wanafunzi kumi na wanne walipanda jukwaani, kila mmoja na vibao viwili: kijani cha kweli, chekundu cha uongo. Ukikosea, unashuka. Msoma maswali alikuwa kijana nadhifu mwenye suti ya buluu, na Selpha alipomtazama vizuri moyo ulimruka. Amos Kipyego! Alimfundisha gredi hiyo hiyo, enzi zile bado ikiitwa darasa la nane, kadi ikiwa na mwaka mmoja tu. Sasa ni mwalimu wa kilimo katika shule nyingine. Selpha akamgusa Muchiri kiwiko. "Huyo ni wangu. Huyo hakuwahi kupata chini ya ishirini."

Wahu aliendelea vizuri. Aliposomewa kauli alitulia, akairudia midomoni, ndipo akainua kibao. Watoto walishuka mmoja mmoja. Walikuwa saba, wakawa wanne, wakawa wawili: Wahu, na mvulana wa shule moja ya Timboroa mwenye kujiamini kupita kiasi. Kwaya ilikuwa imeshaanza kunong'ona wimbo wa kurudi nao nyumbani.

Amos akageuza karatasi. "Kauli inayofuata. Mahindi yakikaukia shambani mpaka maganda yakawa meupe, yako tayari kupukuchuliwa na kuwekwa ghalani."

Selpha alishika ukingo wa kiti. Maneno yalikuwa yake, yote, mpaka ule mpangilio.

Mvulana wa Timboroa, kwao wanakolima viazi, alibahatisha kijani. Wahu alitulia, akainua chekundu.

"Jibu sahihi," Amos akasema, "ni kweli. Pole sana, Janice. Umejitahidi."

Wahu hakushuka. "Samahani, Mwalimu. Hiyo ni uongo."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha mkutano wa wazazi. Wahu kibao hakukishusha. "Unaweza kunitoa. Lakini ni uongo. Sisi tuliyaona yakioza."

Amos alitabasamu kwa upole. "Swali hili sikulitunga mimi, mrembo. Nililihifadhi tangu nikiwa mdogo kama wewe. Limetoka kwa mwalimu bora niliyewahi kuwa naye, na bahati nzuri yuko hapa leo." Akanyoosha mkono kuelekea viti. "Mwalimu Namalwa, hebu tusaidie. Ni kweli au ni uongo?"

Vichwa vyote vikageuka. Kwaya ikamwangalia. Muchiri akamwangalia. Nyuma kabisa, karibu na kamba, Selpha aliiona aproni ya Mama Wahu. Kilichokuwa mbele yake hakikuwa na utata hata kidogo. Akisema kweli, jina lake linabaki lilivyokuwa kwa miaka kumi na sita, na mtoto anaangushwa mara ya pili na mdomo huo huo wa Selpha. Akisema uongo, anajishusha mwenyewe. Basi kwani ni nani aliyemwambia ualimu ni kazi ya kukaa juu?

Alisimama. Na akisimama Selpha, hahitaji kipaza sauti.

"Ni uongo."

Tabasamu la Amos lilibaki usoni lakini macho yalihama. "Mwalimu?"

"Nimesema ni uongo. Mahindi hayo bado yana maji, na ukiyatia ghala yanashika kuvu. Mtu yeyote mwenye turubai anajua. Mimi nilitunga swali hilo kwa haraka ili lilingane na kadi yangu ya kusahihishia, na kadi ilikuwa imekosea." Akageuka akatazama nyuma, palipokuwa na aproni. "Mtoto huyu aliniambia darasani. Nikamkalisha chini. Mwezi wa saba nikamsoma wa mwisho mbele ya wazazi na nikamcheka yeye na mama yake. Hakuwa wa mwisho. Alikuwa wa kwanza, tena peke yake, kwa sababu ndiye tu alikuwa anasoma maswali. Wengine walikuwa wanafuata kadi, na wa kwanza kuifuata nilikuwa mimi. Mama Wahu, nisamehe. Wahu, nisamehe."

Wanakwaya wakatazamana. Kisha mama mmoja mkulima kwenye meza ya majaji, Jepkemboi jina lake, akagonga meza kwa kiganja. "Asante! Mimi nimekaa hapa najiuliza, jameni, hawa vijana wanakula mahindi ya wapi?" Uwanja ukalipuka kwa kicheko, safari hii kicheko cha watu wote. Majaji wakainamiana, wakaandika, na mvulana wa Timboroa akatakiwa ashuke, akashuka akitikisa kichwa.

Amos alikuwa bado ameshika karatasi yake. Alishuka ngazi za jukwaa, akamkaribia mwalimu wake, akauliza polepole, kama mtoto anayeuliza kutoka dawati la mbele:

"Mwalimu, hata zile ishirini zangu? Nilikuwa nimepata ngapi kwa kweli?"

Selpha alimwangalia kijana wa watu na suti yake ya buluu, na hapo ndipo machozi yalimtoka.

"Sijui, Amos," akasema. "Sikuwahi kujua."

Kombe liko juu ya kabati la chumba cha walimu, mahali palepale alipopaonyesha, vitabu vya Muchiri vimehamishwa. Lakini si kombe ninalotaka ulione. Njoo Ijumaa, wakati wa mapumziko. Utamkuta Selpha amevaa miwani, kalamu nyekundu mkononi, anasoma. Kauli zimebaki kumi tu, na chini ya kila jibu mtoto lazima aandike kwa nini. Kengele inalia, yeye yuko karatasi ya nane. Chai imeganda utando juu. Muchiri anamtania kwamba mashine imekufa, na yeye anamwambia anyamaze, yuko kwenye hesabu.

Ile Ijumaa ya kwanza Wahu alipata tisa, akakosa moja ya mbuzi. Purity, kiranja, mtu wa ishirini, alipata nne. Alipopewa karatasi alilia, na Selpha akamwita mezani, akamvutia kiti.

"Hizi nne ni zako," akamwambia. "Nimezisoma zote, najua unazijua. Kaa hapa tuanze na ya tano."